Maswali ya Wasomaji: Kigeuzi cha sauti kinapokuwa bubu, kinapovuma na kinapokimbia

Katika toleo lililopita tulieleza namna ya kujitengenezea kigeuzi cha sauti, yaani saketi inayopokea muziki ukiwa bado ni namba na kuutoa ukiwa umeme unaopanda na kushuka, tayari kwa amplifaya. Mfano wetu ulikuwa bodi ndogo yenye chipu ya PCM5102A ya kampuni ya Texas Instruments, ikiendeshwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ingawa baadhi ya wasomaji wamefuata njia zao wenyewe, na hilo limetufurahisha. Barua ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo tumechagua tano. Tunawashukuru hasa waliotaja vipimo, kwa maana barua inayosema tu kwamba chombo "hakifanyi kazi", bila namba hata moja, hutuacha tukipiga ramli.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimefuata maelezo yenu hatua kwa hatua. Kompyuta inaonyesha kwamba wimbo unacheza na sekunde zinahesabika, taa ya bodi inawaka, lakini spika ziko kimya kabisa, hata mchakacho hakuna. Nimekwisha kununua bodi ya pili na hali ni ile ile. Je, nimeuziwa bodi mbovu mara mbili? (Msomaji wa Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, ni nadra bodi mbili kufa kwa namna moja, na yamkini zote mbili ni nzima. Ukimya kamili, usio na hata mchakacho, ndiyo tabia ya chipu hii inapokuwa imejifunga mdomo yenyewe, na hufanya hivyo kwa sababu kuu mbili: ama pini yake ya XSMT haijapewa volti 3.3, ama haipati mapigo ya saa yanayoeleweka.

Anza na XSMT, kwa kuwa ndiyo inayowakamata wengi. Geuza bodi uangalie upande wa chini. Utaona makundi manne ya vituo vidogo vya lehemu, yenye namba 1 hadi 4, na katika kila kundi kituo cha kati kinapaswa kuunganishwa kwa tone la lehemu ama na upande wa H, ama na upande wa L. Bodi nyingine hutoka kiwandani vituo hivyo vikiwa vitupu, na muuzaji hana habari. Kundi la kwanza, la pili na la nne liunganishe na L. La tatu, ambalo ndilo XSMT, liunganishe na H. Pini iliyoachwa ikielea bila kuungwa popote hushika volti yoyote inayopita jirani, ndiyo maana baadhi ya wasomaji wametuandikia kwamba bodi zao huimba zikiguswa kwa kidole na kunyamaza kidole kikiondoka. Ukimaliza, weka mita kwenye kipimo cha volti za mkondo mnyoofu, ule wa betri, upime kati ya XSMT na graundi. Ukisoma 3.3, mdomo umefunguliwa.

Upande wa juu wa bodi kuna pini ya SCK. Raspberry Pi haitoi saa kuu ya aina inayotakiwa hapo, kwa hiyo SCK iunganishwe na graundi, na chipu yenyewe itajitengenezea saa hiyo kutokana na mapigo ya BCK, waya unaohesabu biti moja moja.

Ikiwa hayo yote yako sawa, sasa uliza kama kompyuta inatuma chochote. Wimbo kuonekana unacheza kwenye kioo si ushahidi, kwa sababu kompyuta inaweza kuwa inaupeleka kwenye soketi ya televisheni huku nyaya zako zikiwa hazina kitu. Mita ya kawaida inatosha kuamua jambo hili. Mapigo ya waya wa LCK, unaotenganisha namba za spika ya kushoto na za kulia, hukaa nusu ya muda kwenye volti 3.3 na nusu nyingine kwenye sifuri, na mita, kwa kuwa ni nzito kuyafuata, itakuonyesha wastani wake, yaani volti 1.6 hivi. Ukisoma 1.6 wakati wimbo unacheza, saa inapita. Ukisoma sifuri, au 3.3 isiyobadilika, hakuna saa. Mita yenye kipimo cha hezi itakwambia zaidi: kwa muziki wa kiwango cha santuri za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, LCK inapaswa kusoma kilohezi 44.1.

Saa ikikosekana, angalia kwanza kama mstari wa dtoverlay=hifiberry-dac umo ndani ya faili la config.txt, na kama umeiwasha kompyuta upya baada ya kuuandika. Kisha hesabu pini. BCK huenda pini ya 12, LCK pini ya 35 na DIN, waya wa muziki wenyewe, pini ya 40, lakini pini hizo hizo katika hesabu ya GPIO, yaani ile ya chipu ya kompyuta na si ya mpangilio wa pini kwenye bodi, huitwa 18, 19 na 21, na mwenye kuchanganya hesabu hizi mbili atachomeka BCK kwenye pini ya 18, ambayo ni GPIO 24 na haina uhusiano wowote na muziki. Tulipaswa kulisisitiza hili katika makala yetu, na kosa ni letu.

Wako wasomaji wawili ambao hawana ukimya bali wana sauti iliyochanika, kubwa na ya kutisha, ingawa mdundo wa wimbo unatambulika. Nyinyi tazameni kundi la nne, yaani FMT, pini inayochagua mpangilio wa namba zinazoingia. Katika mpangilio wa I2S, uliotungwa na kampuni ya Philips mwaka 1986, namba ya kila sampuli huanza pigo moja baada ya LCK kugeuka. FMT ikiwa upande wa H, chipu hudhani kwamba namba inaanza papo hapo, hivyo kila namba inasogea nafasi moja, na biti ya kwanza, ambayo kazi yake ni kueleza kama namba ni chanya au hasi, inageuka kuwa sehemu ya kiasi. Nusu ya chini ya kila wimbi inarushwa juu. Tone moja la lehemu linaponya.

SWALI: Kigeuzi changu nimekijengea chanzo chake cha umeme: transfoma ya volti 7.5, daraja la dayodi nne, kapasita ya mikrofaradi 1,000 na regulata ya 7805. Saketi nzima inavuta miliampia 100. Mchana sauti ni safi kabisa, lakini kuanzia saa moja jioni huingia mvumo mzito ambao hutoweka kama saa nne usiku. Nimebadilisha chipu, nyaya na hata amplifaya. Jirani yangu anakiri kwamba huenda ni friji yake. (Msomaji wa Morogoro)

JIBU: Barua yako, ndugu, ndiyo bora kuliko zote tulizopokea, kwa kuwa ndani yake mna kila namba inayohitajika kupata jibu bila kufungua boksi. Mvumo wenye ratiba usiutafute ndani ya chipu, maana chipu haijui saa. Tafuta kitu kinachobadilika saa moja jioni, nacho katika mitaa mingi ni kile kile: watu wanarudi nyumbani, majiko na pasi vinawashwa, na umeme wa ukutani unashuka.

Tufanye hesabu ya mchana kwanza. Volti 7.5 zilizoandikwa kwenye transfoma si kilele cha wimbi bali ni kipimo cha nguvu yake. Kilele hupatikana kwa kuzidisha kwa 1.41, yaani volti 10.6. Kila wakati dayodi mbili za daraja ziko njiani, nazo hula kama volti 1.4, hivyo kapasita hujaa hadi 9.2. Kati ya kilele kimoja na kinachofuata kuna sehemu moja ya mia ya sekunde, na katika muda huo kapasita peke yake ndiyo inayoilisha saketi. Kwa miliampia 100 na mikrofaradi 1,000, volti yake hupungua kwa takriban 1 kabla haijajazwa tena, kwa hiyo bonde la wimbi liko kwenye 8.2. Regulata ya 7805, ili itoe 5 zilizotulia, hudai ipewe volti 2 hivi za ziada, yaani 7 kwa jumla. Mchana una akiba ya volti 1.2 na huna shida.

Sasa tuseme jioni umeme wa ukutani umeshuka kutoka 230 hadi 190, jambo ambalo si geni. Transfoma haiongezi wala haipunguzi uwiano wake, hivyo 7.5 inakuwa 6.2, kilele ni 8.8, baada ya dayodi ni 7.4, na bonde ni 6.4. Hilo liko chini ya 7. Mara 100 kwa sekunde regulata inaishiwa na akiba, na mara 100 kwa sekunde volti 5 za chipu zinachimbika shimo. Huo ndio mvumo wako. Ukiupima utakuta ni wa hezi 100 na si 50, na alama hiyo peke yake inatosha kuutofautisha na mvumo wa mzunguko wa graundi, ambao tutaugusa katika barua nyingine hapa chini.

Kapasita ya mikrofaradi 4,700 ingepunguza mtikisiko hadi volti 0.2 na kulipandisha bonde la jioni hadi 7.2 hivi, lakini hapo utakuwa umesimama ukingoni, na siku umeme utakaposhuka hadi 180 mvumo utarudi. Mimi ningebadilisha transfoma na kuweka ya volti 9. Hata kwenye 190 bonde lake litakuwa karibu 8.1, na mchana regulata itageuza kama wati 0.6 kuwa joto, kiasi kinachovumilika kwa kipande kidogo cha alumini kilichofungwa mgongoni mwake. Usivutwe na tamaa ya kuweka transfoma ya volti 15 ili uwe na akiba ya kutosha, kwa kuwa joto litapita wati 1.4 na regulata ndani ya boksi lisilo na matundu itajizima yenyewe. Vilevile chagua kapasita ya volti 25, kwani transfoma ndogo isiyolemewa hutoa zaidi ya kilichoandikwa juu yake. Njia nyingine ni kuiacha transfoma ya sasa na kutumia regulata ya aina ya AMS1117 ya volti 5, ambayo huridhika na ziada ya volti 1.3 au pungufu. Ni rahisi, ila akiba yako jioni itakuwa sehemu chache tu za kumi za volti.

Kabla hujatumia hata senti, thibitisha. Weka waya mmoja wa mita kwenye mguu wa kuingilia wa 7805 na mwingine kwenye graundi, mchana na tena saa mbili usiku, mbali na upande wa transfoma wenye umeme wa ukutani. Mita itaonyesha wastani wa bonde na kilele. Ikisoma chini ya 7.5 usiku, hesabu yetu ni kweli kwako. Friji ya jirani inapowaka huweza kuingiza mlio mmoja wa "tak" katika spika, lakini haiwezi kuvuma saa tatu mfululizo. Msamehe.

SWALI: Nimetengeneza kifaa kinachosoma muziki kutoka kadi ya kumbukumbu na kuupeleka kwenye kigeuzi. Sauti ni safi, lakini taarabu ninazozijua tangu utotoni zinasikika kama zimeimbwa na mabinti wadogo. (Msomaji wa Zanzibar)

JIBU: Angalia maandishi yaliyo juu ya kristali yako. Bila shaka utasoma megahezi 12.288, ambayo ni mara 256 ya kilohezi 48, wakati nyimbo zako zimerekodiwa kwa kilohezi 44.1 na zinataka kristali ya megahezi 11.2896. Wimbo wa dakika 5 kwako unaisha kwa dakika 4 na sekunde 36. Badilisha kristali, au zigeuze nyimbo zote kuwa za kilohezi 48 kwa programu ya kompyuta. Kigeuzi hakina kosa lolote.

SWALI: Ninatumia kigeuzi kinachochomekwa kwenye kompyuta ya mapajani. Chaja ikiwa imechomekwa nasikia mvumo, na juu ya mvumo huo kuna mlio mwembamba unaobadilika ninaposogeza kipanya. Rafiki yangu fundi amenishauri niikate ile pini kubwa ya plagi ya amplifaya. (Msomaji wa Nairobi)

JIBU: Usiikate. Mshukuru rafiki yako kwa nia njema na umwambie kwamba pini hiyo ni ya ethi, na kwamba siku waya wenye moto utakapogusa boksi la chuma la amplifaya, ni ethi ndiyo itakayofanya fyuzi ikatike. Pasipo ethi, boksi litakaa na volti 240 likisubiri mkono wa mtu.

Ushauri wake, hata hivyo, umetokana na jambo la kweli. Kompyuta ina ethi kupitia chaja, amplifaya ina ethi kupitia plagi yake, na waya wako wa sauti unaziunganisha graundi hizo mbili kwa mara ya pili. Pamekuwa na duara. Tofauti ndogo ya volti kati ya soketi mbili husukuma mkondo ndani ya duara hilo, na kwa kuwa waya wa graundi ndio unaotumiwa na amplifaya kama kipimo cha sifuri, kila kinachopita humo kinahesabiwa kuwa ni muziki: hezi 50 za ukutani, na pia kelele za kompyuta inapohangaika kuuchora mshale wa kipanya. Chomoa chaja uendeshe kwa betri. Vyote viwili vikitoweka, ni duara.

Kwanza chomeka chaja na amplifaya kwenye ekstensheni moja, maana mara nyingi hilo pekee hupunguza nusu ya tatizo. Lisipokwisha, weka transfoma ndogo ya sauti ya uwiano wa 1:1 kati ya kigeuzi na amplifaya, moja kwa kila upande, ili sauti ivuke kwa sumaku bila graundi kugusana. Dawa ninayoipenda zaidi ni waya wa mwanga, kwa kuwa mwanga haubebi mkondo wa umeme hata kidogo, ingawa utakulazimu uwe na kigeuzi chenye tundu la aina hiyo na chanzo chake cha umeme.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi. Sikutaka kununua chipu ya kigeuzi, nikajenga ngazi ya rezista za kilo-omu 10 na 20, biti 16, ikiendeshwa na chipu mbili za 74HC595, kila moja ikitoa biti nane kwa pamoja, kwa volti 5. Rezista zote ni za asilimia 1. Wimbo ukipaza sauti unasikika vizuri, lakini sehemu tulivu zinakwaruza vibaya. Nilitegemea kinyume chake. (Mwanafunzi, Mwanza)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kujenga ngazi kwa mkono kunafundisha kuliko kununua chipu kumi, na swali lako linagusa kiini cha ufundi huu.

Muziki ukiwa kimya, namba yake haiko chini kabisa ya ngazi bali katikati, kwa sababu wimbi lina nusu ya juu na nusu ya chini. Katikati ya biti 16 ni mpaka kati ya 32,767 na 32,768. Iandike namba ya kwanza kwa biti utapata sifuri moja ikifuatwa na moja kumi na tano. Iandike ya pili utapata moja ikifuatwa na sifuri kumi na tano. Kwa kupanda hatua moja tu, biti zote 16 zimegeuka, ile nzito kuliko zote ikipokea mzigo uliokuwa umebebwa na nyingine zote kwa pamoja. Sauti tulivu hucheza juu ya mpaka huo huo, huku na huku, mara elfu nyingi kwa sekunde, ilhali sauti kubwa huupita mbio na kosa linafunikwa na ukubwa wake.

Hatua moja ya ngazi yako, kwa volti 5, inapaswa kuwa mikrovolti 76. Lakini rezista ya mguu wa biti ya juu, ile ya kilo-omu 20, ikizidi kwa asilimia 1 tu, basi kwenye mpaka huo volti, badala ya kupanda mikrovolti 76, itashuka kwa milivolti 25 hivi, ambazo ni sawa na hatua 328. Ili biti 16 ziwe za kweli, mguu huo ungepaswa kuwa sahihi kwa kiasi cha asilimia 0.0015, na rezista ya namna hiyo hutaipata katika duka la mtaani. Kwa rezista za asilimia 1 unapata biti sita au saba za kuaminika, zilizobaki ni mapambo.

Kuna hila inayosaidia sana. Rezista zilizo kwenye ukanda mmoja wa karatasi zilitoka kiwandani pamoja, na hufanana zenyewe kwa zenyewe kuliko zinavyofanana na namba iliyoandikwa. Nunua ukanda wa rezista 100 za kilo-omu 10, usinunue za 20 kabisa, na kila panapohitajika 20 unganisha mbili kwa mfuatano. Zipime zote kwa mita ile ile, siku ile ile, bila kuzishika muda mrefu vidoleni kwani joto huzibadilisha, kisha uzipange kwa thamani. Kinachotafutwa ni kulingana, wala si kufika 10,000 kamili. Zinazolingana zaidi zipeleke kwenye biti nne za juu. Kwa biti nane za chini hata rezista za asilimia 5 hazitasikika. Kumbuka pia kwamba kila pini ya 74HC595 ina ukinzani wake wa omu makumi kadhaa, unaoongezeka kwenye mguu. Kwa mguu wa kilo-omu 20 ni kama robo ya asilimia, na kwa kuwa pini zote zinakaribiana, sehemu ya kosa hilo inajifuta. Ungetumia kilo-omu 1 na 2, ungejuta.

Wajenzi wa ngazi za gharama kubwa huukwepa mpaka huo kwa kutumia ngazi mbili, moja ya nusu ya juu ya wimbi na moja ya nusu ya chini, ili ukimya uwe sifuri ya kweli na biti nzito isiguswe mpaka sauti iwe kubwa. Hilo liache kwa mwaka ujao. Kwa sasa ipe ngazi yako namba 32,767 na uiache hapo, soma volti kwa mita, kisha ipe 32,768 na usome tena. Mita ya kawaida haiwezi kuona mikrovolti 76, lakini milivolti 25 itaziona, na kila jozi ya rezista utakayobadilisha utaona tofauti hiyo ikipungua.